Ukumbusho wa Lubumbashi: Tshibumba Kanda Matulu na Historia ya Mji kwa Rangi

Kuna miji iliyojiandika kwa mawe, kwa milango ya nakshi na kwa misikiti, na msomaji wa visiwani na mwambao anaujua mwandiko huo tangu utotoni. Lubumbashi, mji wa shaba ulio kusini-mashariki ya Kongo, haukujaaliwa hivyo. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910, wakauita Elisabethville, na alama yake kubwa ikawa dohani la kiwanda cha kuyeyushia shaba pamoja na kilima cheusi cha mabaki ya madini kando yake. Kampuni ya Union Minière ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Rwanda-Urundi. Watu hao walikuja na lugha zao, wakakutana kazini na katika mitaa waliyotengewa, na lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili. Historia yao lakini iliandikwa na waajiri, kwa lugha ya waajiri.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa katika mji huo mwaka 1947. Alichora kwenye kitambaa cha mifuko ya unga, akizunguka mwenyewe kutafuta wanunuzi. Wanunuzi wake wa mwanzo hawakuwa watalii. Walikuwa makarani, mafundi na wafanyakazi wa migodi waliotaka kitu cha kutundika sebuleni. Picha za namna hiyo ziliitwa za ukumbusho, na neno hilo lapaswa kuchukuliwa kwa uzito wake wote. Picha ilitundikwa ili mgeni akiketi aulize, na mwenye nyumba apate pa kuanzia kusimulia.

Mwishoni mwa 1973 mchoraji huyu alikutana na Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyezaliwa Ujerumani, ambaye wakati huo akisomesha katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Tshibumba alikwenda kuuza picha. Yaliyofuata yakawa makubwa kuliko biashara. Alikuwa na azma ya kuchora historia nzima ya nchi yake, tangu enzi ya mababu, kupitia ukoloni na uhuru, hadi siku zijazo kama alivyozidhania. Alipopata mtu wa kuzinunua kwa mfululizo, akazichora, zikafika kiasi cha picha mia moja. Kila alipoleta fungu jipya alikaa akazieleza moja baada ya moja, na kinasa sauti kikirekodi. Mazungumzo yote hayo yalikuwa kwa Kiswahili. Mwaka 1996 Fabian alitoa kitabu kwa Kiingereza, *Remembering the Present*, kilichobeba picha na simulizi hizo.

Katika mazungumzo hayo Tshibumba alijiita mwanahistoria. Wengi wamelipita neno hilo kwa tabasamu, wakamweka kwenye fungu la wachoraji wa mitaani wasiokwenda skuli ya sanaa. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Ni kweli viungo vya watu wake ni vikavu, nyuso nyingi zafanana, na maelezo ya Kifaransa anayoyaandika ndani ya picha yana makosa ya tahajia. Lakini itazamwe picha ya Koloni ya Kibelgiji, ambayo yeye na wenzake waliirudia mara nyingi. Ni ua wa gereza. Bendera inapepea. Mfungwa amelazwa kifudifudi, na askari mweusi ameinua kiboko. Ofisa mzungu amesimama pembeni akitazama, wala haiguswi mikono yake na kitu. Wafungwa wengine, katika nguo zao za mistari, wanaendelea na kazi. Mpangilio huo ni hoja kamili: anayepiga na anayepigwa wana rangi moja, na mwenye amri hatoki jasho. Kitabu cha historia kingehitaji sura nzima kuyasema hayo.

Aghalabu wakosoaji huyahesabu marudio haya kuwa ni kasoro, kwamba fundi ameishiwa na mawazo akawa ananakili kwa ajili ya soko. Mpenzi wa ushairi hana budi kulitazama jambo hili kwa jicho jengine. Kibwagizo hurudi ili wasikilizaji wakidake na kukiimba, wala hakuna amtuhumuye mtunzi kuwa mvivu. Ua wa gereza ulikuwa kibwagizo cha mji mzima. Kila sebule ilikuwa na wake, na kila mwenye nyumba alikuwa na ubeti wake wa kuongeza.

Nguvu nyengine ya Tshibumba ni namna anavyolichukua jambo asilolishuhudia. Mnamo Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mishahara, na askari wakawafyatulia risasi penye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Tshibumba alizaliwa miaka sita baadaye. Alilipata tukio hilo kwa masikio, kutoka vinywani mwa wakubwa, kisha akalitia kwenye rangi kana kwamba alikuwapo. Hiyo ndiyo kazi ya mtunzi wa utenzi wa vita ambavyo hakupigana. Hasemi kuwa ameona. Anasema kuwa mji umeona.

Kilele cha kazi yake ni kifo cha Patrice Lumumba. Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji huo, Katanga ilipokuwa imejitenga. Miili yao iliharibiwa kwa tindikali ili lisibaki kaburi. Tshibumba akawachorea kifo kinachoonekana: watu watatu wamelala chini, na nyuma yao misalaba mitatu. Kwa mji wenye Wakristo wengi ishara hiyo haikuhitaji ufafanuzi. Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji ililirejesha jino la Lumumba, mabaki pekee yaliyosalia, nalo likapitishwa Shilatembo alikouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, vitambaa vya mifuko ya unga vilikuwa vimefanya kazi ya kaburi.

Isisemwe kwamba alikuwa huru kabisa. Alichora chini ya utawala wa Mobutu, na nchi ilikuwa imebadilishwa jina mwaka 1971. Katika picha ya siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, ameandika kuwa ni uhuru wa Zaire, jina ambalo siku ile halikuwapo. Jina la mtawala limerudishwa nyuma kuimiliki siku ya Lumumba. Huenda ni tahadhari, huenda ni mazoea. Lakini jicho la msomaji halina budi kulikamata, kwani mwanahistoria huhukumiwa pia kwa majina anayokubali kuyaandika.

Ipo kadhia nyengine inayomgusa msomaji wa mwambao kuliko wote. Miongoni mwa aina za picha zilizopendwa Lubumbashi ni ile iitwayo ya Waarabu, yaani ya misafara ya watumwa. Humo wamo watu wa kanzu na vilemba, na mbele yao safu ya watu waliofungwa. Kiswahili kiliingia Kongo kwa njia za misafara hiyo, na Tippu Tip, mfanyabiashara wake mashuhuri, alikuwa mtu wa Unguja. Sisi na wao tunashirikiana lugha, lakini katika ukumbusho wao mshika kamba amevaa nguo zetu. Ziko hoja za kujitetea: kwamba Wabelgiji walipenda kuikuza picha hiyo ili ukatili wao wenyewe upate kusahauliwa, na kwamba vilemba peke yake havielezi nani aliuza na nani alinunua. Hoja hizo zina ukweli ndani yake. Hazitoshi kuifanya picha igeuzwe ukutani.

Desturi ya mwambao imekuwa kukicheka Kiswahili cha Kongo. Anayesema *bantu* badala ya watu na *bintu* badala ya vitu huhesabiwa kuwa amekivunja. Lakini ni katika Kiswahili hicho hicho ndimo mchoraji asiye na cheo alimoweza kueleza, picha kwa picha, karne nzima ya nchi yake. Lugha iliyobeba mzigo huo haiwezi kuitwa kigae. Na anayependa kujiita mlinzi wa Kiswahili ajiulize ni kazi ngapi za usanifu wa pwani zilizothubutu kukusanya mambo mengi kiasi hicho kwa sauti moja.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hakusikika tena. Picha alizomchorea Fabian zimehifadhiwa Amsterdam, mbali na dohani na kilima cheusi, na mbali na sebule ambazo ndizo zilizozaa sanaa hiyo. Maneno yake lakini hayakufungiwa. Maandishi ya Kiswahili ya mazungumzo yale yamewekwa kwenye intaneti, na kila asomaye ukurasa huu ana ufunguo wa kuyafungulia, japo utakwama kidogo kwenye kitasa. Wasomi wa Ulaya na Marekani wamekwisha kuyafasiri kwa ajili ya watu wao. Kwa wenye lugha yenyewe inatakiwa kazi ndogo zaidi: kuyasoma kwa sauti, pole pole, bila ya kumsahihisha msemaji.