Ilimba ya Wagogo na Neno "Mwangwi"

Katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili yahusuyo fizikia, neno "mwangwi" limebebeshwa mizigo miwili. Kwanza ni sauti irudiyo baada ya kugonga jabali au ukuta. Pili ni ile hali ya kitu kutetemeka sana kwa sababu kitu kingine, chenye mtetemo wa kasi iliyo sawa na yake, kimetetemeka karibu nacho. Walitumiao neno hivi hujitetea kwamba neno moja laweza kuwa na maana mbili, nao muktadha utazitenga. Hoja hiyo ingekubalika kama maana hizo zingekaa katika fani mbalimbali. Lakini zote mbili hufundishwa katika sura moja, yaani sura ya sauti, na pengine siku moja.

Aishiye Dodoma hahitaji maabara ili kuiona kasoro hii. Mtu akipiga ukelele mbele ya jabali la itale lililo umbali wa mita 170, sauti yake humrudia baada ya sekunde 1 hivi, kwa kuwa imekwenda na kurudi mita 340. Jabali halichagui. Sauti ya mtoto, ya ng'ombe, hata honi ya lori, zote hurudishwa. Sasa mtu huyo na aketi karibu na mpiga ilimba.

Ilimba kubwa ya Wagogo ni sanduku la mti lenye vyuma vyembamba vipigwavyo kwa vidole gumba. Na tundu la sanduku huzibwa kwa utando wa buibui ili sauti ipate mvumo. Jambo la ajabu ni kwamba baadhi ya vyuma havipigwi kabisa. Vimelinganishwa sauti na vile vipigwavyo, kisha vikaachwa. Chuma kimoja kikipigwa, ubao huuchukua mtikisiko wake, na somo wake miongoni mwa vyuma visivyoguswa huanza kutetemeka. Vingine hukaa karibu na kimya. Ndivyo ilivyo mtu aitapo "Juma!" uani penye Juma wawili: wa pili huitika ingawa hakukusudiwa, na Hamisi hageuzi shingo. Tena, mpigaji akikizima kwa kidole kile chuma alichokipiga, yule somo huendelea kulia kitambo. Hapo hapana sauti iliyorudi kutoka popote. Pana msukumo juu ya msukumo, kila mmoja kwa wakati wake, mfano wa mtoto abembezwaye katika pembea na mtu ajuaye lini asukume.

Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma katika Ugogo, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003, aliijua siri hiyo kuliko waandishi wa vitabu. Katika sahani yake iitwayo Chibite, ya mwaka 1996, uzuri mwingi umo katika nafasi iliyo kati ya pigo na pigo, ambapo vyuma visivyopigwa vinasema. Wagogo hulinganisha sauti kwa kufuata vipande vya asili vilivyomo ndani ya sauti moja nene, kuanzia cha 4 hata cha 9 hivi. Kipande cha 7 huwa chini ya sauti ya piano iliyo jirani yake kwa karibu theluthi ya nusu-toni; aliyezoea piano hudhani fundi amekosea. Hakukosea. Koo la mwimbaji nalo lina vipande vivyo hivyo, basi vyuma vyaweza kumwitikia hata yeye.

Sahani ya baadaye, Assembly, aliyoifanya pamoja na Michael Brook wa Kanada, haina bahati hiyo. Brook ndiye aliyebuni gitaa ambalo waya wake hutiwa nguvu ya umeme daima ili sauti isife. Ni uvumbuzi wa kusifiwa. Lakini sauti zisizokufa zikitandazwa juu ya ilimba, minong'ono ya wale masomo humezwa. Ilimba yataka sauti ife.

Kufa huko nako kwataka jina. "Mfifio" latosha kwa sauti ififiayo yenyewe, nguvu zake zikiliwa na ubao na hewa. Bali kidole kizimacho chuma kwa kusudi chataka kauli ya kutendesha, "mfifisho". Kuyachanganya ni hasara, maana mfifio ukiwa mdogo chuma huwa na uchaguzi mkali, hakiitiki ila kwa jina lake hasa. Mfifisho ukizidi, huitika hafifu, na kwa majina mengi.

Badala ya "mwangwi" katika maana ya pili, "mwitikio" laelekea kufaa zaidi, kwa kuwa limetoka katika "itika", na kila mwimbaji ajua kiitikio. Upungufu wake ni kwamba limekwisha kutumiwa kwa kila jibu, hata la kitu kisicholingana na kilichokiamsha. "Mwitikio wa somo" lingeuziba ufa huo, ingawa wako watakaocheka. Na kabla kamati yoyote haijaketi kuamua, yafaa mafundi wa ilimba wa Chamwino na vijiji vya jirani waulizwe, kwa Kigogo chao, huviitaje vyuma visivyopigwa.