Mifupa, Jinsia na Kumbukumbu: Uhakiki wa Nafasi ya Liti wa Singida katika Mjadala wa Mabaki ya Binadamu

Mjadala wa kurejesha mabaki ya binadamu yaliyochukuliwa Tanganyika enzi za Wajerumani umejengwa aghalabu juu ya majina ya wanaume. Mtwa Mkwawa, ambaye fuvu lake lilirejeshwa mwaka 1954, na Mangi Meli, aliyenyongwa mwaka 1900, ndio wanaotajwa kwanza. Mkoa wa Singida unatoa mfano unaotikisa mpangilio huo. Liti Kidanka alikuwa mwanamke wa Kinyaturu ambaye, kwa mujibu wa masimulizi, aliwakabili Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne ya 20. Uwanja wa mpira wa mjini Singida, uliokuwa ukiitwa Namfua, sasa una jina lake.

Udhaifu wa masimulizi hayo, jinsi yanavyotolewa hadharani, ni kwamba nyuki wamemfunika Liti. Msikilizaji hubaki na kioja, asijue mamlaka ya mwanamke huyo yalitoka wapi wala kwa nini watu walimfuata vitani. Marguerite Jellicoe aliandika kuhusu upinzani wa Waturu katika jarida la Tanzania Notes and Records tangu mwaka 1969. Hivyo swali la uongozi si geni. Kumsifu Liti kwa muujiza pekee ni njia ya heshima ya kulikwepa.

Kwa upande wa mifupa, tatizo ni la kitaalamu zaidi. Mwaka 2023, Taasisi ya Urithi wa Utamaduni wa Prussia mjini Berlin ilieleza kuwa imechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, na kuhusisha 202 na Tanzania. Wakusanyaji walitaka vichwa. Lakini wanaakiolojia hutambua jinsi ya marehemu kwa uhakika zaidi kwa kutazama fupanyonga. Fuvu peke yake hutoa makisio, na mwanamke mwenye mifupa mikubwa huweza kuhesabiwa mwanamume. Aliyekata kichwa na kuacha kiwiliwili aliacha pia ushahidi ulio bora. Isitoshe, mfupa huonesha jinsi tu. Jinsia, yaani nafasi ya mtu katika jamii yake, haisomeki humo, ingawa waandishi wengi huyachanganya maneno haya mawili.

Vinasaba vimeleta tumaini. Septemba mwaka huohuo, taasisi hiyo ilitangaza kuwa mafuvu kadhaa yamehusishwa na jamaa walio hai wa Uchaggani. Hata hivyo, ulinganisho ukiegemea kromosomu ya Y, inayopita kutoka kwa baba hadi kwa mwana wa kiume, fuvu la mwanamke halitapata ukoo. Njia iliyo wazi kwake ni DNA ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama.

Hapa ndipo Singida inapodai utaratibu wake. Wanyaturu hufuata ukoo wa baba, ilhali Wanyiramba na Waihanzu, kwa desturi, huhesabu ukoo upande wa mama. Watafiti wakifika Mkalama na kuwahoji wazee wa kiume wa upande wa baba pekee, watakuwa wamebisha hodi nyumba siyo. Mabibi wanaojua nani alizaliwa na nani wanapaswa kuulizwa kabla sampuli hazijachukuliwa, badala ya kuitwa siku ya mapokezi ili wapige vigelegele.