Muvi tatu nilizoangalia Soni, na feni iliyokataa kuzunguka

Leo siandiki kuhusu maabara. Nilikuwa likizo nyumbani Soni, baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka barabarani na kila mtu yuko na koti hata jikoni. Hali kama hiyo, baada ya ugali na maharage mtu unafanya nini? Unafungua laptopu, unachomeka flashi, mnaangalia muvi.

Niseme mapema: mimi siyo mhakiki wa filamu. Mambo ya kamera na mwanga siyajui. Mimi ni mtazamaji wa kawaida anayesoma fizikia, na haya ni maoni yangu tu. Ila safari hii nilikuwa na msaidizi mkali. Bibi yangu hajui Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye nilikuwa mtafsiri. Mliokulia kwenye vibanda umiza mnaijua kazi hiyo. Hapa Bongo tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro: mtu anazungumza juu ya picha, anaongeza chumvi, na hakuna anayelalamika.

Tofauti ni kwamba kibandani mtazamaji hawezi kumsimamisha mtafsiri. Bibi alikuwa ananisimamisha. Akiuliza swali, muvi inasimama mpaka nijibu. Na maswali yake, ukiyachuja, yalikuwa swali moja tu: hapa kwetu ingekuwaje? Nimeona hicho ni kipimo kizuri cha sayansi ndani ya muvi, kizuri kuliko kuhesabu makosa. Tuanze.

Tangled (2010)

Hii ni katuni ya Disney ya Rapunzel, msichana wa nywele ndefu aliyefungiwa kwenye mnara. Rafiki yake wa pekee ni kinyonga anayeitwa Pascal. Bibi alishtuka: "Mtoto wa kike anacheza na kinyonga?" Kwetu wengi wanamwogopa kinyonga. Wanasema ana mkosi, watoto wanamrushia mawe. Kwa hiyo kwanza naipa Disney pongezi: ndani ya nusu saa bibi alikuwa anamcheka Pascal, akamwita "yule mdogo".

Tatizo ni rangi. Pascal akikaa juu ya kitu chochote anageuka rangi ya kitu hicho, kama vile ana kamera tumboni. Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, aliamini kabisa. Asubuhi yake tukamkuta kinyonga kwenye ua wa nyumba, tukamchukua taratibu kwa kijiti na kumweka juu ya sweta jekundu. Tukasubiri. Aliendelea kuwa wa kijani, halafu akaanza kuwa mweusi mweusi, akafura. Mpwa akasema, "Mjomba, huyu amekasirika." Naam! Hilo ndilo jibu.

Kinyonga habadilishi rangi ili afanane na sweta lako. Anabadilisha zaidi kwa sababu ya hali yake: hofu, hasira, kutaka jike, baridi au joto. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walichunguza ngozi ya kinyonga wa Madagascar na kukuta seli zenye fuwele ndogo sana za guanini. Akitulia, fuwele zinakaa karibu karibu na kurudisha mwanga wa bluu. Bluu ikipita kwenye rangi ya njano iliyo juu yake, wewe unaona kijani. Akipandwa na hasira, fuwele zinaachana, na mwanga unaorudi unasogea kuelekea njano na nyekundu. Ni kama kukaza na kulegeza uzi.

Na kuna jambo ambalo wenyeji wengi hatulijui. Mwaka 2006 wanasayansi walipowatenga baadhi ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki na kuwapa jenasi yao, waliiita Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Mmoja wao, Kinyongia multituberculata mwenye pembe mbili puani, ni wa Usambara Magharibi. Huyo unayempiga jiwe ana jina la Kiswahili kwenye vitabu vya dunia nzima.

Alama zangu: 6 kati ya 10. Sayansi ya rangi imeanguka, lakini bibi ameacha kusema "mueni".

Interstellar (2014)

Hii kila mwanafunzi wa fizikia lazima aitetee, nami nitaitetea kidogo. Mshauri wake alikuwa Kip Thorne, ambaye mwaka 2017 alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi ya mawimbi ya mvutano. Ile sayari ambayo saa moja ni sawa na miaka saba ya Duniani inatoka kwenye nadharia ya Einstein: karibu na mvutano mkubwa, muda unakwenda polepole. Nilimweleza bibi. Akasikiliza vizuri, akasema, "Sasa kwa nini hakumuaga mtoto wake vizuri?" Sikuwa na jibu.

Lakini yeye alishaisimamisha muvi mapema zaidi, hata roketi haijaruka. Mwanzoni tunaambiwa mazao yanakufa kwa ugonjwa. Ngano imeshakwisha, bamia ndiyo inavunwa mara ya mwisho, yamebaki mahindi tu. Mahindi kila mahali, mpaka macho yanaishia. (Christopher Nolan aliyapanda kweli, ekari 500 hivi huko Kanada.) Bibi akauliza: "Hawana maharage?"

Tulicheka, lakini tafakari. Shambani kwa bibi hakuna hatua tatu zenye zao moja. Mahindi, katikati maharage, pembeni migomba, kule viazi, kwenye ukingo majani ya ng'ombe. Mizizi ya maharage ina bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Na shamba mchanganyiko haliangushwi lote na ugonjwa mmoja. Shamba la zao moja ni kama darasa ambalo wote wamenakili jibu la mtu mmoja: akikosea, wamekosa wote. Hili siyo la kwenye muvi tu. Mwaka 2011 uliripotiwa Bomet, Kenya, ugonjwa mbaya wa mahindi unaotokana na virusi aina mbili vikishambulia pamoja, na haukuchukua muda kufika kwetu Tanzania.

Watu wengi husifu lile shimo jeusi. Mimi naona sayansi bora zaidi ya Interstellar ni vumbi. Wale wazee wanaoonekana wakisimulia jinsi walivyokuwa wakifunika sahani kwa sababu ya vumbi, baadhi yao hawaigizi. Ni Wamarekani waliopitia dhoruba za vumbi za miaka ya 1930, na maneno yao yalitoka kwenye filamu ya kumbukumbu ya Ken Burns. Watu walilima nyika, wakaondoa nyasi zilizoshika udongo, ukame ukaja, udongo ukapeperuka. Kwetu Usambara udongo haupeperuki, unateremka. Mvua ikipiga mteremko ambao haukuwekewa matuta, shamba la mtu unaliona likishuka kuelekea Mombo, rangi ya chai ya maziwa. Bibi hakuhitaji tafsiri hapo.

Alama zangu: 7. Ningeongeza moja kama kungekuwa na mtu mmoja tu, hata wa kupita, mwenye maharage.

The Boy Who Harnessed the Wind (2019)

Hapa ndipo penye sababu ya makala haya.

Muvi hii imeongozwa na Chiwetel Ejiofor, ambaye pia anaigiza kama baba. Inamhusu William Kamkwamba wa Wimbe, Malawi. Wakati wa njaa ya 2001 na 2002 alikosa ada akaacha shule, akasoma kitabu cha maktaba kuhusu nishati, akajenga kinu cha upepo kwa feni ya trekta, fremu ya baiskeli, dinamo na nguzo za mkaratusi. Kijana anayemwigiza, Maxwell Simba, ni Mkenya, na ameitendea haki kazi yake. Dada yangu alilia. Na mimi pia, ingawa nilisingizia moshi wa jiko.

Mpwa wangu hakulia. Alikuwa ameshaiangalia mara tatu kabla sijafika. Akanipeleka nyuma ya jiko. Kulikuwa na mti wa mkaratusi umesimikwa, juu yake mapanga manne ya bomba la plastiki lililopasuliwa, na dinamo ya baiskeli. Kazi safi kabisa. Lilikuwa limekaa wiki mbili bila kuzunguka.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, mbona la kwake lilizunguka?" Kisha akasema mwakani wakichagua michepuo ataacha sayansi, maana ameshajiona hawezi.

Sina ugomvi hata kidogo na masomo ya sanaa. Lakini mtu asiyachague kwa sababu ya upepo! Kwa hiyo tulichukua kamba ya mita 10, pamba na simu yenye saa. Unaachia kipande kidogo cha pamba, unahesabu sekunde mpaka kifike mwisho wa kamba. Tulirudia mara nyingi, mchana na jioni. Kwa wastani, sekunde 5. Upepo wa mita 2 kwa sekunde.

Sasa hesabu, wala siyo ngumu. Nguvu iliyomo kwenye upepo inategemea kasi mara kasi mara kasi. Kasi ikiongezeka mara 3, nguvu inaongezeka mara 27. Feni ya mpwa ina upana wa mita moja. Kwa upepo wetu wa mita 2, nguvu yote inayopita pale ni kama wati 3 na nusu, na feni ya kienyeji ikijitahidi sana inachukua robo yake, yaani chini ya wati 1. Dinamo ya baiskeli inataka kama wati 3 na inakaza. Ungekuwa upepo wa mita 6 kwa sekunde, feni ile ile ingepitiwa na wati 90 na zaidi. William alikuwa kwenye uwanda wa wazi. Sisi tuko bondeni, milima imetukinga pande zote. Kijana hakukosea chochote kwenye ujenzi. Alikosea mahali, na mahali hapo hakupachagua, alizaliwa tu.

Lawama yangu kwa muvi ni hiyo. Inaonyesha kinu kinazunguka, maji yanapanda, kijiji kinapona, vyote kwa pigo moja. Katika maisha halisi kinu cha kwanza kiliwasha balbu nyumbani kwao, na mambo ya kumwagilia yalikuja baadaye. Nafahamu, muvi ina saa mbili tu. Lakini ukiikata miaka hiyo, mtoto anayeangalia anadhani kushindwa wiki mbili ni jibu kuhusu akili yake. Anaiga kifaa. Kipimo kilichotangulia kifaa hakukiona, kwa hiyo hawezi kukiiga.

Bibi alikuwa ameketi anatutazama na pamba zetu. Akauliza, "Na huko mtoni hamjapima?"

Jamani. Soni, mahali ambapo watu hushuka kwenye gari kupiga picha maporomoko, halafu sisi tunahangaika na upepo! Maji ni mazito kuliko hewa yetu kama mara 900. Tuliteremka kwenye kijito kilicho chini ya shamba, tukaelekeza maji kwenye bati lililokunjwa, tukakinga ndoo ya lita 20. Ilijaa kwa sekunde 4: lita 5 kwa sekunde. Mteremko, mita 3. Zidisha 5 kwa 9.8 kwa 3, unapata wati 147. Toa nusu nzima kwa upotevu, zinabaki kama 70. Hizo ni balbu zaidi ya 10 za wati 5, usiku na mchana, ukungu uwepo usiwepo.

Alama zangu: 8. Ni muvi nzuri sana, muonyesheni kila mtoto. Ila ikiisha msizime na kwenda kulala. Ulizeni swali la bibi.

Nilirudi chuoni mwanzoni mwa Agosti. Nilimwambia mpwa asijenge kitu chochote mpaka apime tena kiangazi kikikolea, maana mtambo unajengwa kwa maji ya mwezi mbaya. Wiki iliyopita alinitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Ndoo sekunde 6. Kama wati 49 ukitoa nusu. Bado inatosha jiko na chumba cha bibi. Mapanga ya bomba nimeyatunza, si yanafaa kwa maji?"

Kuhusu michepuo hakusema kitu, nami sikumuuliza. Nilimjibu kwamba kwa maji mapanga yale hayafai, yanataka umbo la vikombe, na kwamba kijiko kikubwa cha kupakulia ni mahali pazuri pa kuanzia. Sasa dada yangu ananilaumu kwa sababu pawa mbili za jikoni hazionekani.