Mpira Unaofungwa kwa Mkono

Timu ya kijiji hupata mpira kabla ya kupata jezi, katibu au daftari la wachezaji. Katika vijiji vya milimani kama Ngujini, Upare ya Kaskazini, mpira wa kwanza anaoupiga mtoto mara nyingi hautoki dukani. Umefungwa kwa matambara na kamba na mtoto mwenzake, aliyemzidi miaka miwili mitatu na subira nyingi. Wapo wanaouona mpira huo kuwa alama ya umaskini. Mimi naona kazi ya fundi, na kazi ya fundi hueleweka ikifuatwa hatua kwa hatua.

Kazi huanzia kwenye kiini. Anayejua huchagua kitu laini kinachorudi kikibonyezwa: kipande cha godoro la sponji lililochakaa, au soksi iliyoshindiliwa vitambaa. Asiyejua hufinyanga karatasi za daftari, na mvua ya kwanza inazigeuza uji. Juu ya kiini huja tambara la kwanza, kisha la pili, kila moja likikatiza njia ya lililotangulia. Mkono mmoja unavuta, mwingine unageuza. Asipogeuza kila baada ya mzunguko, mpira hurefuka kama kiazi kitamu. Kwa hiyo fundi husimama mara kwa mara, akauviringisha penye usawa na kuutazama. Ukipinda, amekwisha kujua upande gani umebonyea, na tambara linalofuata linakwenda hapo hapo.

Baada ya matambara huja kamba. Milimani mgomba uko karibu na kila mlango, umesimama pamoja na kahawa. Magome yake makavu huchanwa vipande vyembamba na kuloweshwa kidogo yasikatike yakivutwa. Chini tambarare, upande wa Kisangara, kuna mashamba ya mkonge, zao lililoingizwa Tanganyika na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kamba ya mkonge ina nguvu kuliko ya mgomba lakini huchubua mguu mtupu, basi fundi mwenye busara huitumia ndani, kukaza, na ile laini huiacha nje, mahali unapogusa mguu.

Mafundo ndiyo yanayompambanua fundi. Kamba huzungushwa kwanza kwa wima, kisha kwa ulalo, na kila zinapokutana hupitishwa moja chini ya nyingine mpaka utokee wavu wa matundu madogo yanayolingana. Fundo halifungwi juu. Huzamishwa chini ya kamba jirani, kwa sababu fundo lililochomoza humuumiza mpigaji na hulegea mapema. Mpira uliofumwa hivi unaweza kukatika kamba moja ukaendelea kuchezwa. Uliofungwa ovyo hufumuka wote kwa teke moja.

Zamani safu ya juu ya matambara, chini ya kamba, ilikuwa mifuko ya plastiki, iliyozuia maji yasipenye. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo, kwa sababu nzuri za mazingira, na mafundi hawa wadogo wakapoteza malighafi yao kuu bila mtu kuwauliza. Kazi haikufa. Vipande vya viroba vya sandarusi na nguo kuukuu vinaweza kushika nafasi ile ile, na mpira ukilowa huanikwa juani.

Mpira huu unafaa mlimani kwa namna ambayo wa dukani haufai. Wa ngozi ukitoka nje ya kiwanja cha mteremkoni hudunda mpaka shamba la chini, na mchezo unasubiri. Wa kamba haudundi sana, hutulia karibu. Kwa kuwa haudundi, mchezaji hawezi kuutegemea umfuate. Hujifunza kuusukuma kwa wayo, kuugusa mara nyingi, na kupasia miguuni. Hayo ndiyo makocha wa vilabu vikubwa wanayowafundisha vijana kwa gharama.

Sheria za kimataifa za soka zinataka mpira wenye mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450 mchezo unapoanza. Mafundi wa Sialkot, Pakistan, walijenga sifa ya mji wao kwa kushona kwa mkono mipira ya vipande 32. Mtoto wa Ngujini hana mizani wala utepe, lakini anatafuta mambo yale yale: duara, uzito unaostahimilika na kamba isiyoachia. Anayapima kwa kiganja na kwa mguu.

Wako watu walioheshimu ufundi wa aina hii. Ireland, ambako chama cha GAA kilianzishwa mwaka 1884 mjini Thurles kulinda michezo ya wenyeji, ikiwemo soka ya Kigaeli na hurling, kila klabu ni ya parokia au kijiji chake, na wachezaji hawalipwi mshahara hata wakifika fainali ya taifa. Mipira ya kale ya hurling, ya nywele za ng'ombe zilizosokotwa na kufumiwa nywele za farasi, imefukuliwa kwenye ardhi ya mboji. Baadhi ina umri wa karne nyingi. Leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa lao.

Mipira yetu huishia jalalani. Naomba tuanze na jambo dogo: kwenye mashindano ya UMITASHUMTA, ambako watoto wa shule za msingi hushindania vikombe, iwekwe zawadi moja ya mtoto aliyefunga mpira bora kwa mkono wake. Na mpira huo uliopata zawadi upelekwe Makumbusho ya Taifa, ukiwa na jina la kijiji ulikotoka.