Sikio la Bibi Kizee: Juu ya Hadithi Zizaliwazo na Hadithi

Wako wasomaji ambao kitabu hakiwaishii kinapokwisha. Ukurasa wa mwisho ukifungwa, wao huendelea kuishi na watu wa hadithi. Huwahamisha, huwaoza, huwafufua waliokufa, na aghalabu hushika kalamu wakayaandika hayo ili wapenzi wengine wa kitabu kile wayasome. Utungo wa namna hii, ambao siku hizi huitwa hadithi za mashabiki, hudhaniwa na wengi kuwa ni mchezo wa vijana uliokuja na mitambo ya kigeni. Dhana hiyo ni haba. Katika nchi zizungukazo Ziwa Victoria, toka Mwanza hata Ukerewe, kazi ya kuchukua hadithi ya mwingine na kuitia mkono wako ni ya kale kuliko kalamu yenyewe. Neno gumu si uhalali wa kazi hiyo, bali ni ladha: kwa nini hadithi moja iliyozaliwa na nyingine hupendeza, na ndugu yake huchusha.

Wasukuma wana hadithi ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Zimwi lilimeza mifugo, kisha likameza watu wote wa dunia, akasalia mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika rundo la makapi. Akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto alipopata akili aliuliza watu wengine wako wapi. Alipoambiwa, akatoka kuwinda. Akaua panzi, akarudi mbio kumwambia mama yake kuwa amemwua Shing'weng'we. Mama akamjibu kuwa huyo ni panzi tu. Akaua ndege, akaua paa, na kila mara jibu likawa lile lile. Mwisho akalikuta zimwi lenyewe, akaliua, akalipasua, na watu wakatoka pamoja na ng'ombe wao. Walakini katika kupasua, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja. Bibi yule hakushukuru. Alighadhibika akataka kumroga mwokozi wake, hata Masala akatafuta dawa akamponya. Ndipo watu walipomfanya mtemi wao.

Hadithi hii ina mahali pawili pa kuingizia mkono. Pa kwanza ni mawindo. Msimulizi aweza kuongeza mnyama wa nne na wa tano, kwa kadiri ya usiku ulivyo mrefu na watoto walivyo macho, wala hadithi haidhuriki. Mashabiki wengi huandika hivyo: safari moja zaidi, adui mmoja zaidi. Ni furaha halali, nayo ni nyepesi. Pa pili ni sikio, na hapo ndipo ladha ya mtu hupimwa. Apendaye utamu mtupu atalifuta, maana laharibu sherehe. Akilifuta atapata shujaa safi na umati unaoshangilia, na pia atakuwa ameiua hadithi. Kwani bila sikio hilo Masala hadaiwi na mtu yeyote, na ushindi wake hauna hesabu ya kulipa. Aliyeliweka sikio hilo alijua kwamba kisu kiokoacho watu ni kisu vilevile.

Mafundisho ya Kikatoliki ya Usukumani yameichukua hadithi hii na kumfananisha Masala Kulangwa na Kristo, na Shing'weng'we na shetani. Mfano huo umekaa vizuri katika mambo mengi: mtoto wa mama wa pekee, ushindi juu ya mauti, watu kutoka gizani. Lakini Injili nayo ina sikio lake. Bustanini Gethsemane mtumwa wa kuhani mkuu alikatwa sikio, akaponywa na Yesu. Aliyekata alikuwa Petro. Katika hadithi ya Wasukuma mkataji na mponyaji ni mtu mmoja. Afananishaye akiipita tofauti hii haraka, amekosa mahali penye utajiri kuliko pote.

Wasotho wa kusini mwa Afrika wana hadithi ya sura hiyo hiyo, na mwaka 1952 S. M. Mofokeng aliifanya mchezo wa kuigiza kwa jina la shujaa wake, Senkatana. Yeye hakuipita chuki ya waliookolewa. Aliikuza hata ikawa ndiyo mchezo wenyewe, na shujaa akafa mikononi mwao. Hiyo ndiyo kazi ya mpenzi wa kweli wa hadithi, aliyeona penye jeraha akakaa hapo.

Yamkini mtu atasema kwamba hadithi ya mdomo haina mwenyewe, bali kitabu kina jina la mtu juu ya jalada. Hoja hiyo haiendi mbali katika Kiswahili. Washairi wa pwani walifanya takhmisi, yaani kuchukua mistari ya mshairi mwingine na kuiongezea yao hata ubeti ukawa na mistari mitano, nao hawakuitwa wezi. Huko Unguja, Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960. Kiko chake na sahibu yake Najum havifichi kwamba baba yake ni Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle. Kilichomfanya Bwana Msa awe mtu na si kivuli ni kwamba aliwekwa mbele ya mizimu na siri za ukoo wa Kizanzibari, mambo ambayo yule wa London hakuyajua.

Jaribu kubwa liko Ukerewe, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Ni wasomaji wangapi wasiotamani kumwokoa Rosa? Zakaria baba yake alimpiga kwa ajili ya barua ya mvulana, Charles akamkataa kwa kuwa hakuwa bikira, Rosa akajiua. Ni rahisi kuandika sura ambamo Charles anasamehe na harusi inafanyika Namagondo. Sura hiyo itasomwa kwa machozi ya furaha, na itakuwa imefuta sikio. Maana itamwachia Zakaria aende zake bila kuulizwa. Kezilahabi mwenyewe hakuridhika na kaburi: alimpeleka Rosa na babaye mbele ya Mungu wakashitakiana. Atakaye kuendelea baada ya hapo na aende kwa Regina, mama yake Rosa, au kwa wadogo zake Rosa.

Iko na ladha nyingine, ya msomaji ambaye hataki kuokoa mtu wala kuongeza zimwi, ila kukaa tu katika nyumba ya hadithi. Huyo kitabu chake ni cha Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kilikamilika kwa Kikerewe mwaka 1945, kikakaa miaka 35 hata tafsiri ya Kiswahili ya mtungaji mwenyewe ilipochapwa Dar es Salaam mwaka 1980. Mwaka uliofuata Kitereza akafariki. Myombekere ananyang'anywa mkewe na wakwe kwa kuwa hawajapata mtoto, na ili arudishiwe hutakiwa kuwapelekea pombe ya ndizi. Mwandishi mwenye haraka angemaliza pombe hiyo kwa sentensi moja. Kitereza anaipika. Atakayetaka kuongeza siku moja katika mji wa Myombekere, itampasa kwanza ajue ndizi huvundikwa siku ngapi kabla ya kukamuliwa. Asipojua, msomaji wa Nansio atamtambua tangu ukurasa wa kwanza.