Wasomaji wa Madaftari ya Ndege

Cessna 172 iliyotoka kiwandani Wichita, Kansas, mwaka 1978 huenda leo imepakwa rangi mara tatu, imebadilishwa injini, imefungwa propela nyingine na kupita mikononi mwa wamiliki wanane au tisa. Hata usajili wake, ule unaoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa, hubadilika kila inapohama nchi: Marekani huanza kwa N, Uingereza kwa G, Kenya kwa 5Y, Tanzania kwa 5H, Uganda kwa 5X. Kinachobaki vilevile ni namba ya kiwandani, iliyogongwa kwenye kibati kidogo. Wapo watu wanaoanza na kibati hicho, wakarudi nyuma mwaka baada ya mwaka hadi siku ndege ilipouzwa mara ya kwanza, kisha wakamweleza mnunuzi ni kitu gani hasa anachotaka kununua. Ni hao ninaotaka kuwasifu, kwa sababu kazi yao haionekani, na wengi wanaoruka salama kwa ajili yao hawajui hata kama wapo.

Kununua ndege ndogo, kwa sehemu kubwa, ni kununua ndege kuukuu. Cessna iliacha kutengeneza ndege zake za injini moja ya pistoni mwaka 1986, ikiwa imeelemewa na gharama za kesi na bima, na ikarejea mwaka 1996, baada ya sheria ya Marekani ya 1994 kuweka kikomo cha miaka 18 cha kumshtaki mtengenezaji kwa ndege aliyoiuza. Ndiyo maana zilizoko sokoni nyingi zina umri wa miaka arobaini na zaidi. Uwanja wa Wilson jijini Nairobi, unaobeba jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, una ndege nyingi za aina hiyo, zilizonunuliwa ng'ambo zikiwa zimekwisha kutumika. Umri peke yake hauifanyi ndege kuwa mbovu. Yaliyoipata ndiyo yenye uzito, na hayo yameandikwa mahali, au yalipaswa kuandikwa.

Kwa kawaida madaftari huwa matatu: la bodi, la injini na la propela. Fundi anayeigusa ndege anawajibika kuandika tarehe, saa zilizosomeka kwenye mita, kazi aliyoifanya, kisha saini na namba ya leseni yake. Mtu asiyejua huyafungua kama kitabu cha hadithi, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, daftari moja baada ya jingine, na akimaliza hakumbuki lolote isipokuwa mihuri.

Niliwahi kukaa kando ya mhandisi mmoja mstaafu hapo Wilson, mzee ambaye wanunuzi bado humpelekea madaftari kabla ya kutoa pesa. Aliyatandaza yote matatu mezani, kila moja limefunguliwa kwenye mwezi uleule, akawa anayapandisha pamoja, mwezi kwa mwezi, huku kidole chake kikitembea kutoka daftari hadi daftari. Ilikuwa Cessna 172 yenye usajili wa Marekani, na mnunuzi, kijana aliyetaka kuitumia kufundishia marubani, alikuwa ameketi upande wa pili. Kidole kikasimama kwenye Machi 2006. Daftari la propela lilisema tu kwamba imefungwa propela mpya. La bodi, siku mbili kabla, lilisema uma wa gurudumu la mbele umebadilishwa na bati la ukuta wa nyuma ya injini limenyooshwa. La injini, wiki hiyohiyo: oili imebadilishwa, plagi zimesafishwa. Kila sentensi kati ya hizo, ukiisoma peke yake, haina neno. Ukiziweka pamoja, unaiona ndege imetua kwa pua, propela imegonga lami, injini imekwama ghafla. Na hakuna aliyeifungua.

Injini hiyo ilikuwa Lycoming. Nyuma ya krenkshafti yake kuna gia iliyoshikwa kwa bolti moja na pini ndogo. Propela inapogonga kitu, mtikisiko hupita kwenye krenkshafti yote na kuishia hapo. Bolti ikilegea, gia huacha kuizungusha kemshafti, na injini huzimika hewani bila onyo. Mwaka 2004 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa agizo la lazima kwamba baada ya propela kugonga, gia hiyo ikaguliwe na bolti ibadilishwe. Mzee akafunua kurasa zote zilizofuata, miaka yote, akitafuta siku ambayo injini ilifunguliwa kwa sababu nyingine yoyote. Hakuiona.

"Mzee, ina maana ilianguka?" kijana akauliza.

"Sijasema imeanguka, mwanangu. Nasema ifunguliwe kabla hujalipa."

Muuzaji hakukubali, na biashara ikaishia hapo. Nilichokiona siku ile kilinifanya niuheshimu usomaji huu kama ufundi kamili, sawa na ule wa kuunganisha bati kwa ribiti. Mzee hakuwa na kifaa chochote mkononi. Alikuwa na kumbukumbu ya maagizo, ufahamu wa jinsi nguvu inavyosafiri ndani ya chuma, na subira ya kutoiruka sentensi inayochosha.

Subira hiyo inahitajika hata kwenye tarakimu. Chukua kipimo cha mgandamizo wa silinda. Fundi huingiza hewa kwa shinikizo la paundi 80 kwa inchi mraba, kisha huandika ni kiasi gani silinda imekishikilia: 78, 76, 74. Usomaji wa mwaka mmoja hausemi mengi. Msomaji hupanga usomaji wa miaka yote kwenye karatasi, silinda kwa silinda, aone ipi inashuka. Akikuta silinda zote nne zina tarakimu zilezile kwa miaka mitatu mfululizo, anajua huyo fundi hakupima, alinakili. Na kama hakupima silinda, ukaguzi mwingine wote alioutia saini miaka hiyo unaingia shakani pia. Vivyo hivyo na mwandiko: ukaguzi wa miaka mitano ulioandikwa kwa kalamu moja, wino mmoja na mkao uleule wa mkono unaonyesha mtu aliyeketi jioni moja akaijaza miaka mitano.

Saa za mita zina mitego yake. Takometa huhesabu mizunguko ya injini, kwa hiyo ndege inayotembea taratibu ardhini hujazia saa pungufu ya zile za ukutani. Mita ya Hobbs huhesabu muda wenyewe. Takometa ikifa ikafungwa mpya inayoanzia sifuri, na fundi akasahau kuandika ile ya zamani iliishia wapi, ndege hupata ujana bandia. Msomaji huijumlisha upya hesabu nzima, na mahali isipolingana ndipo anapokaza macho.

Wengi hufurahia ndege yenye saa chache. Mimi nimejifunza kuiogopa. Kati ya ukaguzi wa mwaka 1989 na wa 1996 pakiwa na ukurasa mtupu, swali ni ndege ilikaa wapi. Katika injini za Lycoming kemshafti iko juu ya krenkshafti. Injini isipowashwa kwa muda mrefu, oili hutiririka chini na kuiacha kavu, na kutu huanza kuila. Kama miaka hiyo saba ilipita jangwani Arizona, kuna tumaini. Kama ilipita kwenye banda lililo wazi karibu na bahari, chumvi imeshughulika na bodi pia, ndani ya mabawa, mahali ambapo rangi mpya haifiki.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba madaftari si shahidi pekee. Ndege ya Marekani inapofanyiwa tengenezo kubwa, fundi hujaza Fomu 337, nakala moja ikabaki kwa mwenye ndege na nyingine ikaenda kwa FAA, Oklahoma City, ambako jalada la kila ndege iliyosajiliwa nchini humo huhifadhiwa. Humo mna hati za mauzo, rehani za benki, na hizo fomu. Mtu yeyote anaweza kuagiza nakala ya jalada kwa ada ndogo. Mwenye ndege anaweza kulipoteza daftari, hata kwa makusudi. Nakala ya Oklahoma City haiko mikononi mwake. Uingereza nayo imeweka rejesta yake wazi kwa umma, pamoja na kurasa za zamani tangu 1919. Na bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ina kumbukumbu za ajali kuanzia mwaka 1962 ambazo unaweza kuzitafuta kwa usajili wa ndege. Hapo msomaji hodari hutafuta kila usajili ambao ndege imewahi kubeba, kwa kuwa ajali iliyotokea chini ya herufi za zamani haitajitokeza chini ya herufi za sasa.

Hata hivyo, anajua mipaka ya kila shahidi. Kwa kanuni za NTSB, uharibifu wa propela unaotokea ardhini, wa magurudumu au wa ncha za mabawa hauhesabiki kuwa uharibifu mkubwa. Kwa hiyo ile Cessna ya Machi 2006 haikuwa na alama yoyote kwenye kumbukumbu za ajali, na muuzaji angeweza kuapa bila kusema uongo kwamba haina rekodi ya ajali.

Zipo nyakati ambapo historia ndiyo inayoamua kama bawa litafunguliwa. Tarehe 4 Aprili 2018, ndege ya Piper Arrow ya chuo cha urubani cha Embry-Riddle iliacha bawa lake la kushoto hewani karibu na Daytona Beach, Florida. Watu wawili walikufa. Ilikuwa ya mwaka 2007, ina zaidi ya saa 7,600, na mhimili wa bawa ulikuwa na ufa wa uchovu wa chuma kwenye tundu la bolti. Swali likawa, kati ya maelfu ya Piper za jamii hiyo, zipi ziko hatarini? Ndege ya mafunzo hutua mara nyingi kwa siku moja, tena mikononi mwa wanafunzi. Ndege ya mtu binafsi husafiri kwa utulivu. Saa ni zilezile, mateso ni tofauti.

FAA ilijibu kwa kuwatuma watu kwenye madaftari. Agizo lake, namba 2020-26-16, linataka uhesabiwe ukaguzi wa kila saa 100 ulioandikwa, ambao kwa kawaida hufanywa kwa ndege za biashara na mafunzo. Saa 100 za kila ukaguzi huo huhesabiwa zote. Zinazobaki hugawanywa kwa 17. Ndege yenye saa 6,000 na ukaguzi 60 wa aina hiyo inabaki na saa 6,000, na kuanzia 5,000 matundu ya bolti lazima yachunguzwe kwa kifaa cha umeme kinachobaini nyufa. Yenye saa 6,000 zilezile bila ukaguzi huo hata mmoja, inahesabiwa kuwa na saa 353. Na ile ambayo kumbukumbu zake hazijakamilika? Inakaguliwa. Nalipenda agizo hilo kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu umuhimu wa kutunza kumbukumbu, kwa maana limeipa hesabu ya mkono wa fundi uzito uleule wa chuma.

Jambo moja nililolipata kwa mzee yule linapingana na matangazo ya wauzaji. Wao huandika kwa fahari kwamba ndege haijawahi kuharibika. Yeye hupenda daftari lenye kasoro nyingi zilizoelezwa: ribiti tatu zilizolegea na mahali zilipokuwa, ufa kwenye kifuniko cha injini na urefu wake, kipande kilichobadilishwa pamoja na namba yake. Fundi aliyeandika hivyo alikuwa anaangalia. Kurasa safi kwa miaka arobaini humtia mashaka, maana hakuna bati linaloruka miaka arobaini bila kupasuka popote.

Ndege ambayo kijana aliinunua hatimaye iliwahi kuvunjwa bawa na dhoruba mwaka 1983 ikiwa imeegeshwa. Jalada la Oklahoma City lilikuwa na Fomu 337 yenye mchoro wa tengenezo: unene wa bati, aina ya ribiti, nafasi kati ya ribiti na ribiti. Mzee alichukua mchoro na tochi, akalala chali chini ya bawa, mstari kwa mstari, akihesabu kwa sauti huku kijana akiweka alama kwenye karatasi. Zililingana zote. Akatoka, akajipangusa vumbi, akamwambia kijana sasa anaweza kwenda kuzungumza bei, na asikubali kuondoka bila madaftari yote matatu mkononi.