Baruti kali: nani aliipima, na kwa kitu gani?

Wasafiri Richard Burton na John Speke waliondoka pwani ya Afrika Mashariki Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Aprili wakavuka Ziwa Tanganyika kwa mitumbwi hadi Ubwari, kisha wakapanda kaskazini hadi Uvira, wakiufuata mwambao ambao leo tunauita wa Fizi, wenye Baraka, Mboko na Swima. Mapipa ya baruti yaliyotoka Unguja kwenda mwambao huo yalipita njia hiyo hiyo, mabegani mwa wapagazi, jua na masika yakiyakuta safarini. Je, viwandani Ulaya ilijulikanaje kwamba baruti fulani ni kali, na kipimo hicho kilifaa nini baada ya safari kama hiyo?

Mwaka 1578 Mwingereza William Bourne alieleza kikopo cha chuma chenye kifuniko cha bawaba. Baruti ikiwashwa ndani, kifuniko kinainuka na kunaswa na meno ya chuma; kadiri kilivyopanda ndivyo baruti ilivyohesabiwa kuwa na nguvu. Baadaye mafundi walikiunganisha na mtambo wa bunduki ya gumegume. Ukivuta kifyatulio, cheche inawasha baruti kidogo, mlipuko unasukuma gurudumu lenye namba, na springi inalizuia. Kifaa kiliingia mfukoni na wafanyabiashara walikipenda, lakini kilikuwa na kasoro mbili. Springi za vifaa viwili hazikazi sawa, kwa hiyo namba ya kifaa kimoja haikulingana na ya kingine. Tena kipimo kidogo hivyo huipendelea baruti ya chembe laini, inayoungua upesi. Ndani ya mzinga mkubwa chembe nene, zinazoungua polepole, ndizo zinazosukuma risasi vizuri bila kuutesa mtutu.

Wafaransa walichukua njia nyingine. Amri ya mfalme ya mwaka 1686 iliagiza mzinga mfupi wa mdomo mpana, ulioinamishwa digrii 45. Aunsi 3 za baruti, yaani gramu 92 hivi, zilipaswa kurusha tufe la ratili 60, karibu kilo 29, umbali usiopungua tuazi 50, sawa na mita 97. Isipofika hapo, baruti ilikataliwa. Hapa hakuna springi: uzito wa tufe haubadiliki na pembe ni ile ile. Isitoshe, kwa pembe hiyo, tukiacha ukinzani wa hewa, umbali hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo mita zinazohesabiwa ardhini zinalinganisha moja kwa moja nishati iliyolifikia tufe. Udhaifu ulikuwa kwenye mtutu wenyewe: ukilika, moshi unavuja pembeni mwa tufe, na baruti nzuri inaonekana dhaifu.

Mwaka 1742 Benjamin Robins, Mwingereza, alitangaza pendulamu yake. Alipiga risasi kwenye gogo zito lililoning'inizwa, akapima lilivyobembea, na kwa kulinganisha uzito wa gogo na wa risasi akakokotoa kasi. Risasi za bunduki zilifika takriban mita 500 kwa sekunde. Sasa fundi alipima risasi yenyewe, katika bunduki ile ile itakayotumika.

Vipimo hivi kwa kawaida vilifanywa kwa baruti kavu, kabla ya safari ndefu. Shura iliyomo ndani ya baruti, isiposafishwa vizuri, huvuta unyevu wa hewa, na chembe zinazosuguana pipani miezi mingi huvunjika zikawa vumbi. Wala sheria haikumsaidia mnunuzi: Mkataba wa Brussels wa 1890, uliobana uingizaji wa silaha katika eneo kubwa la Afrika, ulitenga nafasi kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Baruti hiyo ilitambulishwa kwa jina lake la sokoni, na jina hilo halimwambii mnunuzi pipa lililo mbele yake limeingia unyevu kiasi gani.

Kwa mtu asiye na mzinga wala pendulamu, mafundi wa Ulaya walikuwa na jaribio dogo: kuwasha chembe kidogo juu ya karatasi nyeupe. Baruti nzuri inawaka mara moja na kuiacha karatasi karibu safi. Iliyolowa au yenye uchafu inaacha madoa meusi. Jaribio hilo halitoi namba hata moja. Lakini linapima baruti iliyopo, mahali ilipo, siku itakayotumika, na kwa pipa lililokwisha kuvuka ziwa, jibu hilo lilikuwa na maana kuliko mita 97 za Ufaransa.